Kuandaa maonyesho ya sanaa kuhusu wanawake na utamaduni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kutoka kwa walimu wa sanaa, maafisa utamaduni, viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana waliopata ukumbi bila kujua waweke nini ndani yake. Mifano mingi humu ni ya kanga na vyungu, kwa kuwa ndivyo tunavyovijua vizuri. Ukiwa na mikeka, vikapu, picha za kuchora au video, taratibu nyingi ni zile zile.

Msimamizi wa maonyesho hufanya kazi gani hasa?

Anachagua kazi, anajenga hoja inayoziunganisha, anazungumza na wenye kazi, anaandika maelezo ya ukutani, anahakikisha malipo yametoka, na siku kitu kikivunjika ndiye anayeulizwa. Kupanga viti na kuagiza keki ya ufunguzi ni kazi ya mtu mwingine, ingawa mara nyingi utaifanya wewe.

Haya yana tofauti gani na banda la kazi za mikono la Siku ya Wanawake?

Bandani mtu anakuja kununua. Hakuna ubaya, kikundi kinachouza vikapu vyote tarehe 8 Machi kimefanya jambo la maana kuliko hotuba nyingi za siku hiyo. Ila banda halimlazimu mgeni afikiri chochote. Maonyesho yana swali, na kila kitu kilichowekwa ukumbini kiwe kinasaidia kulijibu au kulipinga. Kama ukiondoa kazi tatu hakuna kinachopungua katika hoja, basi ulikuwa na banda.

Kuhusu tarehe: kama unaweza, kwepa Machi. Kumbi zimejaa, wanahabari wana mialiko kumi kwa siku, na mgeni rasmi atapita kwako dakika ishirini akielekea kwingine. Kipindi cha siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, nacho kimeshaanza kusongamana. Juni na Julai kuna nafasi.

Mada yetu ni "utambulisho wa mwanamke wa Kiafrika". Inatosha?

Ni pana mno. Ukiitangaza hivyo, kila mtu atakuletea picha ya mwanamke aliyebeba mtungi machweo ya jua, nawe hutakuwa na sababu ya kuikataa.

Chukua kitu kimoja unachokifahamu, kisha ukiulize swali. Chukua kanga. Ilianza kuvaliwa pwani yetu, Zanzibar na Mombasa, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kabla ya hapo watumwa wengi walivaa merikani au kaniki, nguo za bei ndogo zisizo na nakshi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walizikwepa nguo hizo na kujipamba kwa kanga. Baadaye yakaja majina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia leo. Hapo una maswali ya kutosha: mwanamke aliyekatazwa kusema alisema nini kwa nguo? Nani alitunga jina, mwenye duka au mvaaji? Leo kanga ikigawiwa bure kwenye kampeni ikiwa na sura ya mgombea, aliyeivaa anasema nini, au ananyamazishwa?

Swali la mwisho litakuletea ugomvi. Ni dalili njema.

Kuna mfano wa mtu aliyetangulia katika kazi hii?

Wapo wengi, lakini kwa msomaji wa pwani tungeanza na mchoraji Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga baada ya baba yake kufariki. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Watu wengi wanamjua kwa tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, aliyoipata mwaka 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kwa msimamizi wa maonyesho, miaka ya 1980 ndiyo yenye mafunzo zaidi. Nyumba za sanaa za London wakati huo hazikuwa na habari na wasanii wanawake weusi, naye hakungoja aalikwe. Aliwakusanya wenzake na kuandaa maonyesho yeye mwenyewe. Ya mwaka 1985 katika ICA, taasisi ya sanaa za kisasa ya London, yalikuwa na wasanii 11, wanawake weusi na wenye asili ya Asia, na hawakupewa ukumbi mkuu: walipewa ukuta wa njia ya kupitia. Akayaita *The Thin Black Line*, mstari mwembamba mweusi, akaugeuza udogo wa nafasi ile kuwa hoja yenyewe.

Kwa hiyo ukipewa korido ya ofisi ya halmashauri, usilie. Ila hakikisha mgeni anajua kwa nini mko koridoni. Na kanga, kwa taarifa yako, zimeendelea kuonekana katika michoro ya Himid mpaka leo, kwa umbo lake la pindo (ukingo) na mji (sehemu ya katikati) na maneno yaliyoandikwa chini.

Mji wetu hauna wasanii wanawake. Tutawatoa wapi?

Unao. Umewatafuta kwenye orodha ya chama cha wachoraji, na huko hawapo. Nenda kwa wapaka hina na piko, mafundi cherehani, wasusi wa ukili, wafinyanzi, wapigapicha wa harusi za upande wa wanawake. Nenda pia kwa walimu wastaafu. Rosemary Karuga wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, miaka ya 1950, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Dunia ilikuja kumjua baadaye sana, kwa picha alizounganisha kutokana na vipande vya pakiti za sabuni na unga alivyovikata akiwa nyumbani. Alifariki mwaka 2021 akiwa na zaidi ya miaka 90. Tangazo linalosema "wasanii wenye umri wa miaka 18 hadi 35" lingemwacha nje.

Nani aamue kipi kionyeshwe?

Wenye hadithi. Hapa ndipo maonyesho mengi yanayojiita ya kuwawezesha wanawake yanapoharibika: wanawake wanaletwa siku ya warsha, wanaulizwa, wanapigwa picha, wanapewa soda, kisha uamuzi unafanyika ofisini na watu watatu wenye kompyuta. Waweke wawili au watatu kwenye kamati ya uteuzi tangu siku ya kwanza, walipwe kwa vikao kama wajumbe wengine, na wawe na haki ya kusema hapana.

Hapana itakuja, na itakuuma. Tulikuwa na kanga ya fumbo kali, rangi zake bado zimewaka, jina lake lingemfanya kila mgeni asimame. Bibi aliyeileta alikuwa amekubali, lakini bibi mwenzake kwenye kamati akaishika, akaisoma kwa sauti, akaikunja taratibu na kuiweka mapajani. "Hii haitundikwi, mwanangu. Aliyepigiwa fumbo hili yu hai, anakaa mtaa wa pili, na wajukuu zake watakuja kuangalia." Ikarudi kwenye mkoba. Badala yake ikaingia "Japo sipati tamaa sikati", ambayo kila nyumba inayo. Kwa macho ya mbunifu tulipoteza. Lakini kama kamati ina haki ya kukataa siku ambazo hatujali tu, haina haki yoyote.

Lebo iandikweje pale ambapo kazi imefanywa na kikundi?

Kwa majina. Yote, kama yanaenea.

Utakuta picha ya mchoraji wa kiume ina jina, mwaka, mahali alikozaliwa na shule aliyosoma. Pembeni yake chungu kizuri mno kimeandikwa "chungu, kazi ya wanawake wa Ziwa Nyasa". Wanawake wa Kikisi wanaofinyanga kule Ikombe, karibu na Matema, wana majina, na anayekaa nao wiki moja atakuambia chungu hiki ni cha nani kwa kutazama mdomo wake na nakshi zake tu. Nigeria, mfinyanzi Ladi Kwali alijulikana kwa jina lake mpaka akawekwa nyuma ya noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye vyungu vyake sasa viko katika makumbusho makubwa ya dunia, alikwenda Abuja, Nigeria, miaka ya 1970 akajifunza kwa akina mama wafinyanzi wa huko, Kwali akiwemo, na amekuwa akisema hivyo waziwazi.

Kazi ya msanii mmoja iliyosukwa na mikono mingi nayo ina utaratibu wake. Mwaka 2022 Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza na banda lake la taifa katika Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, ikapata kutajwa kwa heshima na waamuzi, mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen, ambaye hutumia kazi za ukili na nyuzi za asili zilizosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za nchi. Kazi za namna hiyo zinahitaji mkataba ulioandikwa mapema: nani ni msanii, nani ni msusi, jina lipi linaandikwa wapi, na kazi ikiuzwa bei kubwa msusi anapata nini. Ukiacha swali hilo mpaka siku ya mauzo, jibu litatolewa na mwenye akaunti ya benki.

Tunalipa nini? Bajeti yetu ni ndogo.

Punguza idadi ya kazi, usipunguze malipo. Kuna ada ya kuonyesha, nauli, chakula, na fidia ya siku aliyoacha genge lake. "Utajulikana" si malipo. Toa pesa siku ile ile, mkononi au kwa simu, na mpe karatasi yenye maelezo ya kila kiasi. Posho inayongoja "mchakato wa ofisi" wiki sita humfanya mama akope kwenye kikoba ili aje kwenye maonyesho ya kuwezeshwa kwake.

Kwa mauzo, nyumba nyingi za sanaa huchukua asilimia 30 hadi 50. Kikundi kisicho na kodi ya ukumbi hakina sababu ya kufika huko. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe kwa Kiswahili chepesi na kisomwe kwa sauti kabla ya sahihi.

Kanga zitundikwe vipi zisiharibike?

Swali tunalolipenda, na linaloulizwa kidogo kuliko inavyostahili.

Usipige msumari, usitumie stepla, usibandike gundi. Kama mwenyewe ameruhusu sindano, shona nyuma ya ukingo wa juu mfuko mrefu wa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, kwa mishono mikubwa inayopita katikati ya nyuzi, kisha pitisha fito laini ndani yake. Uzito utajigawa ukingo mzima, badala ya kuangukia ncha mbili zikachanika. Kama hakuruhusu, au kanga imechakaa, ilaze kwenye ubao ulioinama kidogo, uliovikwa kitambaa.

Kabla haijatundikwa, itazame mbele ya mwenyewe. Andika kila tundu, kila doa, piga picha, msaini wote wawili. Usiifue hata kama ina doa. Doa la mafuta ya nazi na harufu ya udi wa sandukuni ni sehemu ya maisha yake, na ukifua rangi ya zamani inaweza kuchuja yote kwa mara moja. Ukiona dalili za nondo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iweke kwenye friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu uiache mfukoni mpaka irudie joto la chumba ndipo uufungue. Naftalini ikae mbali na nguo na mbali na watu.

Mwanga ndiye adui mkubwa zaidi. Makumbusho huweka luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa nguo, yaani hafifu kiasi kwamba mgeni akitoka juani anahitaji dakika moja kuzoea. Kumbi zetu zina madirisha makubwa na jua la saa tisa. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito, au hamishia ukuta mwingine. Rangi ikishapauka hairudi.

Kisha kuna suala la jina. Kanga ina upana wa kama mita moja na nusu na kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, na jina hukaa chini, juu ya pindo. Ukiitundika kama picha ya kawaida, maneno yatakuwa usawa wa magoti na hakuna atakayeyasoma. Ipandishe jina lifike usawa wa macho. Nzuri zaidi ni kuining'iniza mbali na ukuta, kwa sababu jina la kanga iliyovaliwa husomwa na anayetembea nyuma ya mvaaji. Na ukipata doti ambayo haijakatwa, ionyeshe ilivyo, vipande viwili bado vimeshikana.

Tunaweza kuonyesha mambo ya unyago, mafunzo ya jando la wasichana?

Ngoma, ushanga na mavazi, mara nyingi ndiyo. Mafunzo yenyewe, hapana, mpaka makungwi, walimu wa unyago, waseme vinginevyo, na hawatasema.

Hoja ya kwamba vitu hivi vimeshachapishwa haitoshi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 picha za sanamu za udongo zilizotumiwa kufundishia wari, yaani wasichana wanaofundwa, pamoja na maana zake. Kwamba yeye alizifunua hakumpi ruhusa mtu wa leo kuzirudia ukutani mbele ya wavulana wa darasa la tano. Kilichowahi kufanya kazi ni kutenga saa fulani kwa wanawake tu, makungwi wenyewe wakiongoza mazungumzo, bila simu mezani. Vijana wa kike hukaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika maonyesho, na hubishana: wapo wanaotetea somo lote, wapo wanaosema sehemu yake iliwafundisha kuvumilia yasiyovumilika. Msimamizi akae kimya.

Na simulizi za ukatili?

Msimulizi awe na njia tatu: jina lake, jina la kubuni, au kukataa kabisa. Fomu ya ridhaa ieleze picha na sauti zitatumika wapi na mpaka lini, na aweze kujitoa hata baada ya ufunguzi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo hili si hisani yako. Hakikisha siku zote za maonyesho yupo mtu wa ustawi wa jamii, na mawasiliano ya dawati la jinsia na watoto la polisi yako mahali yanapoonekana. Mgeni anayelia mbele ya kazi si ushahidi kwamba maonyesho yamefana. Huenda ni mtu anayehitaji kiti na maji.

Sura za majeraha tusingeziweka. Mtu ana mambo mengine maishani mwake.

Vibali?

Tanzania Bara anza na afisa utamaduni wa halmashauri na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Zanzibar ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na sheha ajue mapema. Kenya, ukigusa nakshi au ngoma za jamii fulani, kumbuka sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi: ridhaa ya jamii inatakiwa kabla. Jengo likiwa la kihistoria, hata ndoano moja ukutani iombewe ruhusa.

Wanaume washiriki?

Kwenye ukumbi, ndiyo. Kwenye hotuba ya ufunguzi, wasubiri.

Ufunguzi uweje?

Mgeni rasmi hawezi kuepukika, na wakati mwingine anasaidia: akija yeye, kamera zinakuja. Mpe dakika tano na mwandikie mambo matatu ya kusema, la sivyo atasoma risala ya mkutano mwingine. Mwenye kazi akate utepe pamoja naye. Fulana za mradi si lazima. Mama aliyeleta kanga yake hataki kuifunika kwa fulana yenye nembo ya mfadhili. Kama kuna taarab, iwe na nafasi yake na isiwe muziki wa kujazia ukimya wakati viti vinapangwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake. Wanaomfuata wanastahili kipaza sauti kinachofanya kazi.

Maelezo ya ukutani yawe kwa lugha gani?

Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, juu ya lugha nyingine yoyote. Maneno 60 kwa lebo yanatosha. Asiyesoma awe na sauti ya kusikiliza, tena iwe ya mwenye kazi mwenyewe, na lafudhi yake isisafishwe.

Mfadhili anauliza ni wanawake wangapi "wamewezeshwa". Tujibu nini?

Mjibu unachoweza kuthibitisha: wangapi walilipwa na kiasi gani, wangapi walikaa kwenye kamati, mara ngapi uamuzi wa kamati ulibadilisha mpango, kazi ngapi ziliuzwa, na nani amepata oda mpya. Idadi ya waliopita mlangoni iandike, lakini usiiite uwezeshaji. Wafadhili wengi wakielezwa hivyo huelewa. Asiyeelewa atakusumbua hata ukimpa takwimu nono.

Maonyesho yakifungwa?

Rudisha kila kitu ndani ya wiki moja, nyumbani kwa mwenyewe, na ile karatasi ya matundu na madoa mkononi. Kagueni pamoja, msaini. Mpe picha zilizochapishwa, kwa kuwa kiungo cha intaneti kitapotea, na nakala ya sauti yake. Makumbusho yakitaka kununua au kupokea kitu, mkutanishe nayo ana kwa ana na usiwe dalali. Fito, vitambaa vyeusi na taa vigawiwe shule au kikundi kitakachoandaa maonyesho yanayofuata. Vikibaki stoo ya ofisi vitaliwa na mchwa.